Malaria: Kutoka Vinamasi vya Roma hadi Wodi za Moshi

Neno malaria limetokana na maneno mawili ya Kiitaliano, mala na aria, yaani hewa mbaya, kwa kuwa matabibu wa Ulaya waliamini kwa karne nyingi kwamba homa iliyowaua watu kando ya vinamasi vya karibu na Roma ililetwa na mvuke wa matope yanayooza. Imani hiyo ilitikisika mwaka 1880, Mfaransa Alphonse Laveran alipoona vimelea katika damu ya askari huko Algeria, ikaanguka baada ya mwaka 1897, Ronald Ross alipovikuta ndani ya mbu nchini India. Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani katika miaka hiyohiyo, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara, waliokuwa wakiteremka tambarare na kupatwa na homa, waliuita ugonjwa wenyewe mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma huko chini. Ujuzi huo wa wenyeji unastahili kutajwa kila historia ya ugonjwa huu inaposimuliwa.

Kilimanjaro, hewa ina sehemu yake, ingawa si ile iliyodhaniwa Italia. Kimelea kinachoua zaidi, Plasmodium falciparum, hushindwa kukomaa ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mwinuko unapoongezeka mita 1,000, vihamba vya Wachaga, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Machame, Kibosho na Marangu, juu kwenye miteremko ya mlima, vina kinga ambayo tambarare za kusini mwa Moshi hazina.

Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku neno limepanuka mno, hata homa yoyote ikaitwa malaria, na hapo ndipo lilipo jambo la kusikitisha. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, walioingizwa katika utafiti wa mwaka 2007 na 2008, madaktari walidhani 528 wana malaria, lakini vipimo vilionyesha kuwa ni 14 tu waliougua kwa sababu yake. Miongoni mwa wengine kulikuwa na chikungunya, brusela, ambayo hutoka kwa mifugo, na leptospirosi, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, na hakuna hata mmoja kati ya magonjwa haya unaopona kwa dawa ya malaria. Kipimo cha haraka cha tone la damu, kinachotumika sasa hata kwenye zahanati, humwambia mhudumu kwamba malaria haipo; homa imetoka wapi, hakisemi.