Krismasi Tatu za Buganda: Vijana wa Misioni na Kitabu cha Kiswahili, 1877–1879

Habari za wamisionari wa kwanza waliofika Buganda zimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaowasifu vijana wale kuwa ni mashujaa waliokuja peke yao. Na wako wanaowalaumu kuwa ni watangulizi wa bendera ya ukoloni. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Hata hivyo, pande zote mbili husahau kwamba vijana wale hawakuja peke yao, wala hawakusikilizwa kwa lugha yao. Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuna budi kulikumbuka jambo hilo, na twapenda kulieleza kwa kutazama Krismasi tatu zilizofuatana. Siku za kazi mgeni hujisahau. Sikukuu ndiyo imkumbushayo kwao, na ndiyo imfunuayo hali yake.

Chanzo cha safari yao kilikuwa barua. Mnamo tarehe 15 Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya H. M. Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu wa dini ya Kikristo. Chama cha Church Missionary Society kikakusanya watu wanane, nao wakasafiri mwaka 1876. Miongoni mwao walikuwamo Luteni George Shergold Smith, aliyekuwa mwanamaji, kasisi C. T. Wilson, T. O'Neill, fundi wa ujenzi. Daktari John Smith. Na Alexander Mackay wa Scotland, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1849. Mackay aliwaonya wakuu wa chama kabla ya kuondoka kwamba wasishangae kusikia, baada ya miezi michache, kwamba mmoja wao amekufa. Onyo hilo lilitimia upesi. Mmoja alifariki Agosti 1876 wakiwa bado pwani. Wawili walirudishwa Uingereza kwa ugonjwa. Na daktari Smith alifariki mwezi wa Mei 1877 kusini mwa Ziwa Viktoria.

Krismasi ya 1877 iliwakuta waliosalia wametawanyika. Shergold Smith na Wilson walikuwa wamefika kwa Mutesa mwishoni mwa Juni mwaka huo. Kisha Smith akarudi kusini kumfuata O'Neill, aliyekuwa akiunda chombo huko Ukerewe. Hapo wakaingia katika ugomvi usiokuwa wao: mfanyabiashara mmoja, Songoro, alihitilafiana na mtawala wa Ukerewe, Lukonge, akakimbilia kwa wageni apate hifadhi. Watu wa Lukonge wakawashambulia wote. Smith na O'Neill wakauawa mwezi wa Desemba, kabla ya Krismasi, pamoja na wengi wa watu wao, ambao majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu ulioandikiwa majina ya Wazungu wawili. Wilson alikuwa mmisionari pekee Buganda. Mackay naye alikuwa bado njiani kati ya pwani na bara. Mwaka ule alikuwa amefyeka njia ya maili zipatazo 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na sasa alihangaika na magari ya kukokotwa na ng'ombe, huku ng'ombe wenyewe wakifa kwa mbung'o.

Mwaka uliofuata Mackay alilifikia ziwa, akaenda Ukerewe kwa Lukonge bila silaha, akapatana naye. Wengi wa zama zile wangalitaka kisasi. Baadaye yeye na Wilson walipanda mashua yao, Daisy, ikavunjwa na mawimbi kwenye pwani ya magharibi. Wakaikata katikati, wakaiunga upya ikiwa fupi zaidi, wakafika Buganda Novemba 1878. Basi Krismasi ya 1878 ilikuwa ya watu wawili tu kati ya wanane. Hakukuwa na theluji wala kengele. Walikuwa na kiwanja walichopewa Natete, karakana, na desturi ya kusoma ibada katika baraza ya Kabaka siku za Jumapili. Mackay alikuwa na umri wa miaka 29. Kwa kuwa alishinda akifua chuma na kupasua mbao, watu walimwita Mzungu wa kazi, na msomaji ataona mwenyewe jina hilo ni la lugha gani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maelezo yetu. Kijana huyu aliyetoka Scotland hakujua Kiganda alipofika. Aliwezaje basi kusomesha? Alisoma kwa Kiswahili. Wafanyabiashara kutoka Unguja na Mrima walikuwa wakifika Buganda tangu zama za Kabaka Suuna, baba yake Mutesa, nao walileta nguo, bunduki, dini ya Kiislamu na lugha yao. Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, na watu wengi wa baraza yake walikisikia Kiswahili. Huko Unguja, Edward Steere alikuwa amekwisha kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili, na maandiko hayo ndiyo aliyoyatumia Mackay.

Tena hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwacha kijana wa Kiafrika, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misioni ya Unguja, ili amsomee Kabaka maandiko. Maftaa ndiye pia aliyeandika barua za Mutesa za kuwaita wageni waje upesi. Kwa muda wa miaka miwili kabla mmisionari wa CMS hajakanyaga Rubaga, mwalimu wa Kikristo wa baraza ile alikuwa Maftaa. Vitabu vingi vya shule humtaja kwa mstari mmoja, ikiwa vinamtaja.

Krismasi ya tatu, ya 1879, ilikuwa chungu kwa namna nyingine. Mwezi wa Februari walikuwa wamefika Mapadre Weupe wa Ufaransa, akiwamo Padre Siméon Lourdel, kijana wa miaka 25. Na mabishano ya Wakristo kwa Wakristo yakafanyika mbele ya Kabaka. Mutesa alikuwa mgonjwa. Desemba akaletwa barazani mwanamke aliyekuwa msemaji wa Mukasa, lubaale wa ziwa, ili amponye. Mackay akapinga kwa ukali. Ni haki tuseme kwamba kwa machifu wa Buganda jambo hili halikuwa upumbavu: mtawala wao anaumwa, na mgeni wa mwaka mmoja anamkataza dawa ya wazee wake. Siku chache kabla ya Krismasi baraza ikaamua kuziacha dini zote mbili za kigeni, ya Waarabu na ya Wazungu, na kuirudia ya mababu.

Lakini vijana wa jumba la Kabaka hawakuacha kujifunza. Walikwisha onja herufi. Mwaka 1881 mmoja wao, Sembera, alimwandikia Mackay kuomba ubatizo, kwa kalamu ya unyasi na wino wa kujitengenezea. Tarehe 18 Machi 1882 watano wakabatizwa. Wakatoliki walikuwa wamewatangulia kubatiza mwaka 1880. Waumini hao wapya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hata leo katika Kiganda kusoma ni kusoma kitabu na pia kuhudhuria ibada; kitabu ni ekitabo, na shule ni essomero. Maneno hayo yalisafiri kwa miguu kutoka pwani, vichwani mwa wapagazi, pamoja na shanga na baruti.

Hatusemi Kiswahili kilikuja kikiwa safi. Kilikuwa pia lugha ya msafara wa watumwa, na baadaye kikawa lugha ya kambi za askari. Ndiyo maana Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kitumike zaidi Uganda, Kabaka Daudi Chwa na wakuu wa misioni walikataa, wakihofu pia kuunganishwa na nchi ya walowezi wa Kenya. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini tangu hapo watoto wengi wamekua wakiambiwa kwamba lugha hii haikuleta nchini ila amri na fimbo. Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima; hata hivyo sheria haiwezi kufuta dhana iliyomo moyoni.

Kazi hiyo ni ya mwalimu. Na amwambie mwanafunzi wake yote mawili: kwamba lugha hii ilibebwa na bunduki, na kwamba ndiyo iliyomfungulia kijana wa Buganda ukurasa wa kwanza. Naye amtaje Maftaa kwa jina.