Kitenzi cha Kiingereza Hutambuliwa Ndani ya Sentensi

Fasili iliyozoeleka shuleni, kwamba kitenzi ni neno linalotaja tendo, haifai kuwa kipimo cha kutambulia vitenzi vya Kiingereza. Katika "Her arrival surprised us", tendo la kufika limetajwa na nomino "arrival". Kinyume chake, "resemble" na "belong" ni vitenzi kamili, ilhali hakuna anayetenda lolote.

Umbo la neno nalo mara nyingi halitoshi kukitambulisha kitenzi, na chanzo cha ugumu huu ni cha kihistoria. Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, nomino "lufu", yaani upendo, na kitenzi "lufian", kupenda, zilitofautiana miishoni. Miisho hiyo ilipodondoka kidogo kidogo, zote mbili zikawa "love". Kazi iliyofanywa na umbo ikaangukia mpangilio wa maneno. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili, aliyezoea kuona nafsi na wakati ndani ya kitenzi chenyewe, kama "walipenda", hana budi kutazama pia maneno jirani.

Tuchukue "They can fish". Sentensi hii ina maana mbili. Ama watu hao wanaweza kuvua samaki, na hapo "can" ni kitenzi kisaidizi na "fish" kitenzi kikuu. Ama wanasindika samaki katika makopo, na hapo "can" ndicho kitenzi kikuu na "fish" ni nomino. Kulikodolea macho neno moja moja hakusaidii kitu. Badili kiima kiwe cha umoja: "She can fish" ni maana ya kwanza tu, "She cans fish" ni ya pili tu. Ipeleke wakati uliopita, utapata "They could fish" au "They canned fish". Ikanushe: "They can't fish" au "They don't can fish". Majaribio yote matatu yanakubaliana, nami sijui ushahidi ulio thabiti kuliko huo.

Mwaka 1952, Charles Carpenter Fries, katika The Structure of English, alichunguza mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, akaziweka kando fasili za maana na kuyapanga maneno kwa nafasi yanazoweza kujaza katika sentensi. Naona alipita kiasi alipoyaacha hata majina ya kimapokeo, kwa kuwa kamusi bado zinayatumia na mwalimu anayahitaji. Utaratibu wake, hata hivyo, ulikuwa sahihi.

Ndiyo maana swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi ataje aina ya neno "round" likiwa peke yake ni la kumwonea. Neno hilo huweza kuwa nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi au kihusishi. Watunga mitihani wampe sentensi nzima, kisha wamtake aeleze ni jaribio gani lililomfikisha kwenye jibu lake.