Konokono anayeishi juu ya chakula chake

Huku kwetu Pwani ukitaja konokono wa baharini, wengi huwaza kauri na kome. Leo nataka tumjue mmoja asiye na gamba kabisa. Jina lake la kisayansi ni Phyllodesmium hyalinum, na alielezwa mwaka wa 1831 na mtaalamu wa Ujerumani, Christian Gottfried Ehrenberg, kutoka Bahari ya Sham.

Chakula chake ni matumbawe laini ya jamii ya Xenia. Matumbawe haya hayajengi jiwe kama yale tunayochomea chokaa. Ni kama shada la maua ya nyama, kila ua lina vikono vinane. Konokono huyu naye mgongoni ana vinyama virefu vinavyofanana na maua hayo kwa umbo na rangi. Akitulia hapo, utamkodolea macho usimwone, na samaki humpita vivyo hivyo.

Ana sababu ya kujificha. Konokono wengi wa ukoo wake hula viumbe wenye sumu ya kuchoma, kisha huihifadhi sumu ile mgongoni iwe silaha. Jamii ya Phyllodesmium haina silaha hiyo. Akibughudhiwa huangusha vinyama vyake, kama mjusi anavyoacha mkia, naye akaponyoka.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Ndani ya matumbawe mna chembe za mwani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Nduguye, Phyllodesmium longicirrum, akila tumbawe hazimalizi chembe hizo. Huzitunza hai mwilini, nazo huendelea kumlisha.

Sasa tufikirie. Mwaka wa 1998 bahari ilipochemka kwa joto, matumbawe mengi ya Kenya yalipauka yakafa. Samaki huweza kuhamia mwamba mwingine. Kiumbe aliyejifananisha na tumbawe la aina moja, tumbawe likifa hubaki peupe, bila chakula wala maficho.

Joto la dunia hatuliwezi peke yetu, lakini nanga na miguu yetu tunaiweza. Nahodha, tia nanga kwenye mchanga. Nawe mchokoa pweza, maji yakipwa, angalia unapokanyaga. Huenda hilo unaloliona ua ni roho nyingine imejibanza.