Uanagenzi wa Huduma

Kuna kipindi ambapo mwanafunzi wa chuo cha Biblia hutoka darasani akapelekwa kanisani, hospitalini au gerezani kuhudumu chini ya uangalizi. Wengi Nakuru hukiita atachimenti, kama wanavyosema wanafunzi wa uhasibu na wa umeme. Msamiati wa vyuo una praktikamu. Waliotafuta Kiswahili husema mazoezi ya huduma, au huduma kwa vitendo. Mimi nashikilia uanagenzi wa huduma.

Neno huduma lenyewe halina ubishi. Lina asili ya Kiarabu, na Biblia ya Union Version ya 1952 hulitumia pale Kigiriki cha Agano Jipya kinaposema diakonia. Upana wake ndio unaosahaulika. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, diakonia ni kuwagawia wajane chakula. Katika sura ya 5 ya Wakorintho wa Pili, ni upatanisho. Makanisani mwetu, tukisikia fulani ana huduma kubwa, mawazo hukimbilia jukwaa na kipaza sauti. Mwanafunzi anayekwenda na maana hiyo hudhani ametumwa kuhubiri tu.

Bonde la Ufa halimruhusu kudhani hivyo. Januari 2008, maelfu ya waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi walikusanyika katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mei 2018, bwawa la Solai lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Aliyefiwa hivyo, au aliyechomewa nyumba na jirani, anahitaji blanketi, chakula na mtu wa kumsikiliza, na mhudumu akikosea neno moja la kikabila amebomoa kazi ya miaka. Upatanisho hapa ni somo la lazima.

Ndiyo maana neno mazoezi linanitia wasiwasi. Mgonjwa anayesubiri upasuaji si wa kujaribiwa. Maombi anayoombewa ni maombi kamili. Vitendo nalo ni neno sahihi, ila limemwacha nje mtu muhimu: mlezi. Uanagenzi unawabeba wote wawili, yaani anayejifunza kwa kufanya kazi ya kweli, na mjuzi aliye karibu naye.

Mnamo 1925, mchungaji Anton Boisen aliwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, Marekani. Katika mafunzo yaliyokua kutokana na mwanzo huo, mwanafunzi akirudi kutoka wodini huandika mazungumzo yote kadiri anavyoyakumbuka: alichouliza, alichojibiwa, mahali alipokimbilia sala kwa sababu kimya kilimtisha. Kisha mlezi huketi naye, wakayapitia mstari kwa mstari. Bila kikao hicho, mwanafunzi anaweza kurudia kosa lile lile muhula mzima na bado akapata alama nzuri.

Wapo watakaosema uanagenzi ni neno la gereji na jua kali, halifai theolojia. Paulo alishona mahema, wala ufundi huo haukumshushia utume wake.

Nawaomba wakuu wa vyuo vya Biblia, kuanzia Nakuru hadi Kijabe na Kericho: andikeni uanagenzi wa huduma katika mitaala yenu, na msimpeleke mwanafunzi yeyote gerezani wala wodini kabla jina la mlezi wake halijaandikwa kwenye barua anayokwenda nayo.