Upepo wa Kisogoni

Nilikuwa kusini wiki nzima. Si kazi ya gazeti safari hii, ni harusi ya binamu yangu Lindi. Nimerudi na shingo inayouma upande mmoja, na hiyo shingo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu mmoja (jina namhifadhi, mchumba wake hupita hapa kusoma) amenunua Mazda ya michezo, ile ndogo ya viti viwili ambayo paa lake ni la turubai, unalikunja unalilaza nyuma. Imekuja mtumba kutoka Japani kama magari yetu mengine, usukani kulia, kila kitu sawa. Akasema, “Lindi tunakwenda na hii, tena paa chini.” Nikakubali haraka. Nani asiyetaka kuingia kwao kwa staili hiyo?

Mpaka Kibiti raha tupu. Watoto wanapunga mikono, sisi tunapunga. Tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, barabara ikanyooka, jamaa akakanyaga mafuta. Kufika kilomita 90 kwa saa mambo yakabadilika. Kichwa kikaanza kupigwa makofi. Ukitaka kuongea unapiga kelele kama kondakta wa daladala. Na ajabu ni kwamba upepo haukutupiga usoni, ulitupiga KISOGONI. Kadi ya mwaliko nilikuwa nimeichomeka nyuma ya viti. Ikachomoka, ikaruka kuja mbele, ikagonga kioo cha mbele kwa ndani, ndipo ikapaa juu na kupotelea porini. Kwenye gari linalokwenda mbele, karatasi ya nyuma ikimbilie mbele? Nilidhani nimechoka.

Kitomanga, baada ya Mbwemkuru na kabla hujafika Mchinga, anakaa mjomba wangu, kaka yake mama. Tukasimama kumsalimu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama nywele, akalitazama gari, akalizunguka mara moja. Kisha akacheka mpaka akakohoa. “Mjomba,” akaniambia, “mmeziba mbele, nyuma mmeacha wazi. Upepo utaacha kuingia?”

Mjomba hajawahi kumiliki hata pikipiki. Lakini miaka ya 70 alikuwa utingo wa lori la Bedford kwenye barabara hiyo hiyo, na sentensi yake ile moja ndiyo jambo ambalo watengenezaji wa magari ya Ulaya walichukua karibu karne nzima kulifanyia kazi sawasawa. Nisikilizeni kwanza.

Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa wazi, na mengi hayakuwa hata na kioo cha mbele. Tatizo la upepo lilikuwa dogo kwa sababu mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Tanzania tunayo sehemu yetu katika historia hiyo. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari la wazi lililotengenezwa Gaggenau, akakusudia kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Kwa mwendo huo upepo utakupigia wapi? Shida zake zilikuwa mito, mchanga na petroli. (Mwaka huo huo wa 1909, huku kwetu, Wajerumani wengine walianza kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, si mbali na hapa Kitomanga, na mzigo wote ule ukapelekwa Lindi vichwani mwa wapagazi. Hakukuwa na gari la wazi wala la kufunikwa. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine, maana nikianza Tendaguru simalizi.)

Mwendo ulipoongezeka, upepo ukawa adui. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 40 kwenda 80, umezidisha mwendo mara mbili lakini msukumo mara nne. Na hapo bado hujahesabu kusi. Sisi tulikuwa tunateremka kusini mwezi wa saba, kusi inatuvumia usoni, kwa hiyo 90 ya kwenye dashibodi kwa upepo ilikuwa zaidi ya 90. Manahodha wa Kilwa wanaijua hesabu hiyo bila kalamu.

Dawa ya kwanza ilikuwa mavazi: koti refu la vumbi, miwani mikubwa, kofia ya kufunga kidevuni, skafu. Skafu ilikuja kuua. Mcheza dansi mashuhuri wa Kimarekani, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi huko Nice, Ufaransa, jioni ya tarehe 14 Septemba 1927, amejifunga skafu ndefu ya hariri. Ikanasa kwenye gurudumu la nyuma, ikamkaba shingo, akafa. Dada zangu mnaopenda kuachia mtandio unapepea kwenye bodaboda, mnanisoma?

Dawa ya pili ilikuwa kioo cha mbele, na hapa ndipo watu walipojidanganya. Walidhani ukishaziba mbele umemaliza. Kumbe kioo hakiuondoi upepo, kinaurusha juu ya kichwa chako. Nyuma ya kioo panabaki pengo, mahali ambapo hewa imepungua msukumo. Hewa nayo ni kama abiria wa Mbagala, haiachi nafasi tupu. Ile iliyopita juu inajipinda kule nyuma ya viti, inarudi ndani ya gari kwa kasi kulijaza lile pengo, na inajiviringisha kama kisulisuli. Kisogo chako kiko njiani. Kadi yangu ya mwaliko ilipanda kisulisuli hicho hicho.

Matajiri wa miaka ya 1920 na 1930 waliliona hilo kwa njia yao. Kwenye magari makubwa ya wazi, abiria wa nyuma walikuwa wanaumia kuliko dereva, kwa hiyo wakawekewa kioo cha pili, chao peke yao, katikati ya gari. Kioo cha pili kikazaa kisulisuli cha pili. Kisha ikaja Land Rover mwaka 1948, gari ambalo halihitaji utambulisho huku kwetu, kioo cha mbele unakilaza juu ya boneti, nyuma turubai. Aliyewahi kupanda Land Rover ya turubai kwenye barabara ya vumbi, turubai la nyuma limefunguliwa, anajua. Vumbi haliingii kwa mbele. Linavutwa kutoka nyuma, linakaa mapajani kwako.

Hata ndani ya basi lenye paa kuna ndugu yake upepo huu. Fungua dirisha moja tu la nyuma, gari likiwa kasi, utasikia masikio yanapigwa vup-vup-vup kama ngoma. Ni jambo lile lile la kupuliza mdomo wa chupa ya soda, na mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz alilichunguza karne ya 19 kabla basi halijakuwepo. Dawa yake ni kufungua dirisha jingine. Basi. Msigombane na mama wa kiti cha mbele, mwombeni afungue kidogo.

Sasa kwenye gari lisilo na paa hakuna dirisha la kufungua, kila kitu kiko wazi tayari. Jibu lilikuja kwa mapana mwaka 1989. Mercedes-Benz walipotoa SL mpya mwaka huo, iliweza kuwekewa wavu mwembamba uliofungwa kwenye fremu, unausimamisha nyuma ya vichwa vya dereva na abiria. Wavu tu. Kazi yake si kuzuia upepo wa mbele, ni kuzuia ule unaorudi. Kwa nini wavu na si ubao? Kwanza dereva anaona nyuma, pili wavu hauipigi hewa ukuta, unaivunjavunja nguvu. Makampuni mengine yakafuata, mengine kwa wavu, mengine kwa kioo. Mwaka 2004 Mercedes hao hao wakaweka matundu kwenye kiegemeo cha kichwa yanayopuliza hewa ya moto shingoni. Hewa ya moto! Waje nayo Lindi mwezi wa kumi na mbili tuwaone.

Turudi Kitomanga. Baada ya chai, mjomba akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani.

Ilikuwa mwaka 1974, enzi za Operesheni Vijiji. Bibi alikuwa Dar kwa ndugu, akapata habari kwamba nyumba zao zinahamishwa kuletwa kando ya barabara, akataka kuwahi vyombo vyake. Mabasi hayakuwa ya uhakika, akapanda lori ambalo mwanaye alikuwa utingo. Alikuwa na mtoto mgongoni, miezi mitano. Wakavuka kwa pantoni Ndundu, wakalala njiani. Siku ya pili barabara ilikuwa kavu, vumbi jekundu, abiria zaidi ya 20 kwenye bodi la wazi. Bibi akafanya ambacho mama yeyote angefanya: akamgeuza mtoto uso utazame nyuma ya lori, akimkinga na upepo wa mbele. Kumbe vumbi lote lilikuwa linaingia kwa nyuma, juu ya mlango wa bodi, linakuja moja kwa moja usoni kwa mtoto. Akakohoa, akalia, kisha akaacha kulia. Bibi akadhani amelala.

Mjomba alikuwa na miaka 18. Aliona midomo ya mdogo wake ina rangi ya majivu. Akapiga kichwa cha lori kwa ngumi, dereva akasimama. Wakamfuta mtoto pua na mdomo kwa maji ya kwenye chupa ya chai, akavuta pumzi. Kisha mjomba akafungua turubai la mzigo, akalisimamisha wima kukata bodi katikati, kamba huku na huku, NYUMA ya abiria. Akawaambia wote wasogee, wakae chini, wagusane na kichwa cha lori. Dereva akamfokea kwamba ameweka turubai upande usio na upepo. “Nikamwambia, bosi, mimi ndiye ninayekaa huku nyuma,” alisema mjomba. Wakafika Lindi usiku. Mtoto akalazwa siku nne.

Mtoto yule ni mama yangu.

Nilikaa kimya muda mrefu kidogo. Rafiki yangu naye, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa anachezea funguo za gari.

Tulipoaga, mjomba aliingia ndani akatoka na mkeka mdogo wa kuswalia, wa ukili. Akaufunga mwenyewe kwenye viegemeo vya vichwa vya viti vyetu, umesimama kama pazia, akaubana chini nyuma ya viti usiache mwanya. Akatuambia tupandishe vioo vya milangoni na tuteremke kidogo kwenye viti. Tukaondoka, tukafika 80. Nywele za juu zilicheza, shingo ikatulia. Tuliongea kwa sauti ya kawaida mpaka Mchinga, hata redio ikasikika. Ubaya wake ni mmoja, kioo cha kutazama nyuma kilionyesha mkeka peke yake, kwa hiyo tukategemea vya pembeni na tukapunguza mwendo. Polisi mmoja alitusimamisha, akauangalia, akatuuliza kama tunauza mikeka.

Rafiki yangu ameshaagiza wavu wa kiwandani kutoka Japani, nao ni karibu bei ya seti ya matairi ya mtumba. Mimi nimempigia mama jana, nikamweleza kwamba mjomba ametusimulia habari ya lori. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ule mkeka wa watu tumeurudisha.

Bado uko kwenye gari.