Ndigana kali na hesabu ya kunukuliwa

Leo nina historia kidogo, na inaanzia kwetu nyumbani.

Nilikulia Moi's Bridge, mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale. Wakati wa wakoloni uliitwa Hoey's Bridge. Watu wanaujua kwa mahindi, lakini kwetu karo ilitoka kwenye maziwa. Nikiwa darasa la sita, ng'ombe wetu alivimba tezi chini ya sikio, akashikwa na homa, akaanza kuhema kwa taabu. Hakumaliza wiki mbili. Ilikuwa ndigana kali, inayoletwa na kupe. Muhula uliofuata nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu majuzi nilikuwa naandika programu ndogo ya kusoma orodha ya makala za mtafiti na kuhesabu zimenukuliwa mara ngapi. Kwa majaribio nilimchagua Onesmo ole-MoiYoi, Mtanzania aliyefanya utafiti ILRAD, maabara ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973. Mwaka 1994 iliunganishwa na kituo kingine ikawa ILRI.

Mdudu wa ndigana kali, Theileria parva, ana hila ya ajabu. Akiingia kwenye chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe, anaifanya igawanyike ovyo kama ya saratani. Mdudu akiuawa kwa dawa, chembe inaacha. Mwaka 1993, ole-MoiYoi na wenzake walichapisha katika jarida la EMBO kwamba ndani ya chembe hizo kimeng'enya kiitwacho kasini kinasi II huongezeka. Februari 1995, David Seldin na Philip Leder wa Boston walionyesha katika jarida la Science kwamba panya waliopandikizwa jeni la kimeng'enya hicho hupata saratani ya tezi. Kichwa cha makala yao kilitaja ugonjwa wa ng'ombe waziwazi, na toleo hilohilo lilikuwa na maelezo ya ole-MoiYoi. Kutoka zizini Afrika hadi saratani ya panya Marekani: hiyo ndiyo kazi ya nukuu, kuonyesha njia ambayo wazo limepita.

Na ndivyo ilivyokusudiwa. Eugene Garfield alipopendekeza faharasa ya nukuu mwaka 1955, alitaka chombo cha kutafutia: ukishika makala moja ya zamani, uwapate wote walioitumia baadaye. Faharasa yake ya sayansi ilitoka mwaka 1964. Larry Page na Sergey Brin walipojenga Google mwaka 1998, walichukua wazo hilohilo la nukuu wakalipeleka kwenye viungo vya kurasa za wavuti.

Lakini chombo cha kutafutia kikageuka mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 Jorge Hirsch alileta kipimo cha h. Kukiprogramu ni dakika tano: panga nukuu za kila makala kuanzia kubwa, shuka chini, simama pale namba inapokuwa ndogo kuliko nafasi yake. Mwenye makala za nukuu 50, 12, 6, 3 na 1 ana h ya 3. Sasa fanya ile 50 iwe 5,000. Bado h ni 3! Tena jina lenye "ole", kistari na herufi kubwa katikati ni mtego: likiandikwa kwa namna mbili, kompyuta inaona watu wawili.

Nilipomweleza mama kazi hii, aliuliza swali moja tu: "Na hizo namba, mwanangu, zinajua ng'ombe wangapi wamepona?"

Hazijui. Chanjo ya ndigana kali ilitokana na kazi ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na mbinu yake ilichapishwa mwaka 1975 katika jarida la wataalamu wa vimelea vya mifugo: ng'ombe anapewa mdudu hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, naye anabaki na kinga ya muda mrefu. Tatizo ni kwamba chanjo lazima ihifadhiwe kwenye naitrojeni ya maji, na mtungi wa naitrojeni haufiki kila boma. Makala ilifika maktaba za dunia. Chanjo haikufika zizini kwetu.

Nukuu huhesabu njia kati ya makala na makala. Njia kati ya makala na ng'ombe haina faharasa. Programu yangu nimeimaliza na inafanya kazi vizuri, ila juu ya jedwali nimeandika "njia za mawazo" badala ya "ubora wa mtafiti".