Mashine ya Kuchongea ya Mezani

Kwenye karakana nyingi za mjini mafundi huiita mashine hii "milingi", na wanaelewana. Peleka gia iliyovunjika, utaulizwa kazi yako ni ya leithi au ya milingi, basi. Tabu huanza mfasiri anapokaa na kamusi, akagundua kwamba neno hilo la Kiingereza lina asili moja na kinu, akaandika "mashine ya kusagia". Tangaza mtaani kwamba umenunua mashine ya kusagia uone kama kesho asubuhi hutakuta foleni ya ndoo za mahindi mlangoni.

Kosa hilo lina ubaya mwingine zaidi ya kuchekesha. Ndani ya karakana yenyewe, kusaga kuna mwenyewe tayari. Jiwe la grenda linalozunguka na kurusha cheche husaga kweli, maana linachofanya ni kukwangua chuma kikawa vumbi. Milingi haitoi vumbi. Inatoa maranda ya chuma, mafupi, yaliyojikunja, yenye ncha za kukata kidole. Mashine mbili tofauti zikipewa kitenzi kimoja, mwanafunzi wa ufundi ndiye anayeumia.

Kitenzi kinachofaa tunacho, nacho ni kuchonga. Wenye vibanda vya barabarani walishalimaliza suala hili bila kikao: wanachonga funguo. Ile mashine yao ndogo ina gurudumu la meno linalozunguka na kula ufunguo uliobanwa, na hiyo ni milingi halisi, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu. Wapo watakaosema kuchonga ni neno pana mno, kwamba hata shafti ya leithi watu husema imechongwa. Ni kweli, lakini kazi ya leithi ina jina lake la siku nyingi, kukereza. Anayekereza huzungusha kitu chenyewe, kisu kikatulia. Kwenye kuchonga ni kinyume: kitu kimebanwa, chombo cha kukatia ndicho kinachohangaika, kama tezo juu ya gogo la mtumbwi. Wafaransa husema "fraiser" na Wajerumani "fräsen", kwa hiyo fundi wa Lubumbashi aliyesomea kwa Kifaransa hana kinu chochote cha kumchanganya.

Ukitaka kujua mashine hii ilikuja kuondoa adha gani, tazama biti ya drili. Ile mifereji miwili inayojizungusha kutoka ncha hadi shingo iliwahi kuchongwa kwa tupa ya duara, kwa mkono. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, viwanda vya bunduki vilihitaji biti nyingi, na Joseph R. Brown wa kampuni ya Brown & Sharpe akabuni mashine ya kuichonga mifereji hiyo. Ya kwanza ilitoka mwaka 1862. Ilikuwa mtambo wa kiwandani. Inayozungumzwa na mtu mwenye banda dogo nyuma ya nyumba ni kitukuu chake, na ndiyo inayostahili maneno mawili ya mwisho ya istilahi yetu: ya mezani.

Maneno hayo yanaweza kumponza mnunuzi. Ya mezani haina maana ya nyepesi. Mashine ya aina ya X2, iliyobuniwa na Sieg wa Shanghai na kuuzwa duniani kwa rangi na majina chungu nzima, ina uzito wa kilo 50 hadi 60. Zipo ndogo zaidi, kama Sherline ya California, isiyofika kilo 20, nzuri kwa vipande vya saa na treni za mfano. Zipo pia za kilo 300 ambazo bado huitwa za mezani, ingawa meza yake lazima iwe ya chuma na watu wanne hawatoshi kuipandisha.

Nami nasema wazi: kwanza uliza uzito, halafu ndipo uulize nguvu ya mota. Sababu imo ndani ya kitenzi. Kisu chenye meno manne kinapochonga, kila jino hugonga, hukata, huachia, kisha linalofuata linagonga tena, maelfu ya mara kwa dakika. Fremu isiyo nzito hutetemeka, uso unatoka na mawimbi, kisu kinavunjika. Chuma cha kusubu kinaimeza mitetemo hiyo kwa uzito wake.

Hiyo pia ndiyo sababu drili ya mezani haigeuzwi kuwa milingi, hata ukiifungia kisu cha bei kali. Drili imeundwa kusukuma chini. Kichwa cha kushikia biti mara nyingi kimekaa kwenye mhimili kwa kubanana tu, na ukikisukuma kutoka ubavuni kikitetemeka, kinaweza kuchomoka kikiwa kwenye kasi. Milingi hushika kisu kwa koleti, na koleti huvutwa kwa boliti ndefu inayopita katikati ya mhimili. Uliza mhimili huo ni wa aina gani. R8 na Morse namba 3 zina vifaa vingi sokoni. Aina ngeni itakutesa.

Kisha angalia nguzo. Nguzo ya duara ni rahisi kutengeneza, lakini ukipandisha kichwa ili kubadili kisu, kichwa huzunguka kidogo na alama uliyoipima imepotea. Chukua yenye nguzo bapa, ambayo kichwa hupanda kwenye reli. Mashine za X2 za mwanzo zilikuwa na nguzo ya kulaza kushoto na kulia, iliyoshikwa na boliti moja kubwa chini. Inavutia kwenye picha, inalegea kazini. Gia zake za ndani ni za plastiki na huvunjika meno, ndiyo maana wenye nazo wengi huzibadilisha kuwa za mkanda. Ukipata yenye mkanda tangu dukani, bora zaidi.

Zungusha mikono ya meza mbele na nyuma. Plei kidogo ipo katika kila skrubu, na fundi huizoea. Robo mzunguko bila meza kusogea ni nyingi mno. Kuhusu kasi, kisu cha milimita 10 kwenye chuma laini hutaka mizunguko kama 800 kwa dakika, na alumini hutaka mara tatu au zaidi, hivyo mota ya kurekebishika inafaa. Ukiagiza kutoka Marekani, hakikisha si ya volti 110.

Mwisho ni fedha. Bei ya mashine haijumuishi jiliwa, koleti, visu, vibano wala saa ya kupimia unyoofu, na vyote kwa pamoja huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Kama fedha yako inatosha mashine tu, nunua ndogo kidogo na jiliwa zuri.